Mikebe Miwili ya Mjomba Rajabu

Nakumbuka nilikesha macho wazi, mwanangu, kwa sababu ya mkebe. Si mwizi, si mgonjwa, si mchumba. Mkebe wa bati wenye unga mweupe, uliokuwa jikoni kwa Haboba wangu, nyanya aliyenilea, nyumbani kwetu Arua. Arusi ya dada yangu Zamzam ilikuwa kesho kutwa. Swali lilikuwa moja tu, na kila nilipogeuka kitandani liligeuka nami: unga ule ni magadi ya mandazi, au ni kostiki ya sabuni?

Ninyi mliozaliwa juzi mnanunua vitu vyenye majina, kwa hiyo ngoja nieleze. Magadi ninayosema ni ule unga laini ambao wenye maduka huuita bikabonati, na vitabu vyangu viliuita bikabonati ya sodiamu. Ukiutia kwenye unga wa ngano pamoja na maziwa ya mgando, mandazi yanaumuka yakawa mepesi. Kostiki ni kitu kingine kabisa. Ni soda kali ya kupikia sabuni. Ikigusa ngozi inaunguza, na ikiingia kooni, hata sasa sipendi kuandika kinachotokea. Lakini zote mbili ni nyeupe, na wakati ule zote zilitufikia ndani ya mikebe isiyosema kitu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Madukani mlikuwa na rafu na vumbi la rafu. Sukari, chumvi, sabuni, vyote vilipatikana kwa magendo au kwa bahati. Mjomba Rajabu, kaka wa marehemu mama, alikuwa dereva wa lori, na safari zake za mpakani ndizo zilizokuwa duka letu. Safari ile alirudi na mikebe miwili. Mmoja ulikuwa wa Haboba, magadi ya mandazi ya arusi. Mwingine ulikuwa wa jirani yetu Mama Adiru, Mlugbara wa Ayivu, viungani mwa mji, aliyepanga chumba nyuma yetu na kupika sabuni uani: kostiki. Njiani mvua ikanyesha, turubai likavuja, karatasi zilizobandikwa kwenye mikebe zikawa uji. Mjomba alipofika hakuuliza mtu. Alimpa huyu mmoja na yule mmoja, akaenda kuoga.

Tungeishi salama katika ujinga wetu kama Mama Adiru hangekuja alasiri ya siku ya pili na sufuria mkononi.

"Mama Zamzam," alimwita Haboba, maana hapo mtaani nyanya aliitwa kwa jina la mjukuu wake mkubwa, "tazama hii sabuni yangu. Tangu jana iko maji. Nakoroga, nakoroga, mkono inakufa. Hii si sabuni, hii iko supu!"

Haboba akachungulia. Mafuta yalielea juu, maji yalikaa chini, na hakuna kilichokuwa na nia ya kuganda.

"Pengine mafuta iko mbaya," alisema.

"Mafuta iko ile ile ya siku zote. Kostiki ndiyo mpya."

Nilimwona Haboba akigeuza shingo polepole kuutazama mkebe wetu uliokaa kando ya jiko. Nilijua anawaza nini kwa sababu mimi nilikuwa nimeshafika huko kabla yake. Kama wa Mama Adiru haupiki sabuni, basi wa Mama Adiru ni magadi. Na kama wa Mama Adiru ni magadi, wetu ni nini?

Kisha wote wakanitazama mimi.

Lazima nikwambie kwamba nilikuwa nimemaliza chuo kikuu Kampala mwaka ule, shahada ya kemia, msichana wa kwanza katika ukoo wetu. Nilikuwa nyumbani nikisubiri kupangiwa shule ya kufundisha. Mjomba aliniita Daktari mbele za watu, na mimi nilichoka kumwambia kwamba sikuwa daktari wa kitu chochote.

"Daktari," alisema Mjomba, aliyekuwa amesimama mlangoni akisikiliza, "sema basi. Hii yetu iko magadi ama iko kostiki?"

Ungedhani ningejibu. Kule chuoni kila chupa ilikuwa na jina lake na kila jaribio lilikuwa na karatasi za rangi zilizotoka ng'ambo. Hapa palikuwa na jiko, sufuria na watu wanaosubiri. Nikafungua mkebe, nikatazama. Unga. Kostiki mara nyingi huja kama magamba au vipande, huu ulikuwa laini, kwa hiyo huenda ni magadi. Lakini je, kama mtu amesaga? Kostiki hunyonya unyevu ikalowa, na huu ulikuwa umeshikana mabonge upande mmoja. Lakini mvua si iliingia? Na kama si magadi wala kostiki, bali ni chokaa? Na kama ni magadi yaliyochanganywa na kitu kingine? Nilisimama pale nikifungua na kufunga kifuniko mpaka Zamzam akaniambia kwa upole kwamba nitakichosha.

"Nitasema kesho," nilijibu.

Usidhani lilikuwa jambo dogo la kitafunio. Katika arusi zetu sisi Wanubi, wanawake wa upande wa bwana arusi wanakuja na ngoma na nyimbo, na nyimbo hizo zina meno. Bwana arusi alitoka Koboko, na shangazi yake Hadija alijulikana kutoka huko mpaka Arua kwa kutunga papo hapo. Nyumba fulani ya jirani ilimpa maharage yaliyokuwa hayajaiva vizuri. Akaimba. Mpaka leo watu wa nyumba ile wanaitwa Watu wa Kokoto. Mandazi ya Haboba ndiyo yaliyokuwa jina lake mjini; yakitoka bapa na magumu, Zamzam angeingia kwa wakwe zake akiwa na wimbo mgongoni. Na kama ule mkebe ulikuwa na kostiki, basi wimbo lingekuwa jambo la mwisho la kuogopa.

Hamira haikupatikana popote. Mama Adiru, kwa moyo mwema kabisa, alikuwa na njia yake.

"Chukua povu ya kwete yangu," alisema. Kwete ni pombe ya mahindi, na watu wengi waliumulia unga kwa povu lake. "Mandazi itasimama kama mlima wa Arua."

"Mandazi ya arusi yangu ilewe?" Haboba alishangaa. "Shehe anakuja kusoma dua hapa, anakula mandazi, anaanza kucheza?"

"Atacheza vizuri."

"Adiru, toka na sufuria yako!"

Wakacheka wote wawili mpaka wakashikana mabega. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu kichwani mambo yanayoweza kuwa meupe.

Asubuhi, baada ya usiku ule niliokwambia, Haboba alinikuta nimekaa mbele ya mkebe kama mtu anayelinda maiti. Akavuta kigoda.

"Umeona nini?"

"Bado nafikiri, Haboba. Siwezi kusema bila kuwa na hakika. Nikikosea..."

"Mimi nilikusomesha. Niliuza vikapu, niliuza mandazi, nikakupeleka Kampala. Sikukupeleka kujifunza kuogopa. Kuogopa mimi najua tangu zamani, tena bila ada." Akanigusa goti. "Mtu hajui, anaogopa, anakaa. Hiyo iko sawa, yeye hajui. Wewe unajua halafu unakaa? Kama unaogopa, ogopa huku mkono inafanya kazi."

Hakuwa amekasirika. Hilo ndilo lililoniuma. Alisema kama anayenikumbusha kuingiza nguo kabla ya mvua.

Hapo Mjomba Rajabu aliingia na bilauri ya karkade. Ndiyo ile chai nyekundu ya maua makavu iliyokuja na wazee wetu kutoka Sudani, chachu kidogo kama ukwaju, na nyumbani kwetu haikukosekana hata maduka yalipokosa kila kitu. Aliona nyuso zetu, akaamua kutusaidia.

"Ninyi wanawake mnasumbuka bure. Magadi si inatoa povu? Soda ya chupa si inatoa povu? Basi."

Akachota unga kwenye ncha ya kijiko, akautumbukiza ndani ya karkade yake.

Unga ulichemka. Povu lilipanda mpaka mdomo wa bilauri likamwagika vidoleni mwake. Na ile karkade nyekundu kama kitambaa cha bibi arusi ikageuka mbele ya macho yetu: ikawa zambarau, kisha rangi ya bluu yenye kijani chafu, kama maji ya bwawa.

"Sumu!" Mjomba alipiga kelele, akaitupa bilauri mlangoni. "Wallahi, sumu! Nimebeba sumu kwenye lori langu! Nimelala nayo!"

Zamzam akaja mbio, Mama Adiru akaja mbio, kuku wakakimbia. Mjomba aliosha mkono mara nyingi, akaunusa, akauosha tena. Haboba alikuwa ameshika mkebe tayari kuupeleka chooni.

"Haboba, usimwage!" nilisema, na nilishangaa jinsi sauti yangu ilivyotoka kubwa. "Lete karkade nyingine. Lete yote."

Kwa sababu nilikuwa nimeona mambo mawili, mwanangu. La kwanza ni povu. Karkade ni chachu, na magadi yakikutana na kitu kichachu hutoa hewa. Kostiki ikikutana na kitu kichachu haitoi povu. Inapata joto tu. La pili ni rangi, na hapa nusura nijicheke. Miaka yote kule chuoni nilitumia karatasi za ng'ambo zinazobadilika rangi, ilhali nilikua nikinywa kitu kinachofanya kazi ile ile. Ua la karkade linabaki jekundu katika uchachu. Ukilitia kitu kilicho kinyume cha uchachu linaelekea bluu na kijani, na kikiwa kikali sana, kama kostiki, linapita kijani linafika manjano. Ile bilauri ya Mjomba iliishia njiani.

Lakini unanijua. Bilauri moja haikunitosha. Nilipanga vikombe juu ya mkeka: kimoja nikakamulia limau, kimoja nikatia chumvi, kimoja maji ya majivu tunayopikia kunde, kimoja unga wetu, kimoja unga wa Mama Adiru. Cha limau kiling'aa chekundu zaidi. Cha chumvi hakikubadilika. Cha majivu kilikwenda kijani kabisa. Na vile viwili vya mwisho vilitoa povu sawasawa, vikageuka sawasawa, rangi ya bwawa ile ile.

Mama Adiru ndiye aliyeelewa kwanza.

"Yangu na yenu iko kitu moja!"

Ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyechukua mkebe wa mwenzake. Sabuni haikuganda kwa sababu kostiki haikuwapo tangu mwanzo. Mwuzaji wa mpakani alimpa Mjomba mikebe miwili ya kitu kimoja, na Mjomba, ambaye hupenda kusema anajua bidhaa kwa kunusa, alilipa na kupakia.

"Rajabu," Mama Adiru alisema, mikono kiunoni, "nimekoroga mandazi siku mbili?"

"Mama, ulikuwa unapika sabuni tamu."

"Utafua nayo shati lako la arusi."

Sasa ilibaki shaka moja, na ilikuwa shaka ya haki. Iko soda nyingine, ya kufulia, ambayo nayo hutoa povu na kubadili rangi, lakini si ya kuliwa. Nikamuuliza Haboba kama alikuwa na magadi yoyote ya zamani ambayo alishayatumia na kuyajua. Akafungua kifundo kwenye pembe ya shuka yake. Alikuwa ameyaficha humo machache, ya kiungulia, tangu maduka yalipoanza kukauka.

Nikatia unga wetu kwenye kikaango kikavu juu ya makaa, nikafunika kwa sahani baridi. Muda si muda unga ulianza kutikisika na kuchemka, mkavu vile vile, kama uji unaotokota. Nikainua sahani: chini yake palikuwa na matone ya maji, yaliyotoka katika kitu kilichoonekana hakina maji. Nikatia chembe za kile kilichobaki katika karkade mpya, na safari hii ikaenda kijani kama ya majivu. Kisha nikafanya vile vile na magadi ya kifundo. Yalitikisika vile vile, yakatoa matone vile vile, yakaishia kwenye kijani kile kile. Soda ya kufulia haifanyi mchezo huo, kwa sababu yenyewe ndiyo inayobaki magadi yakishachomwa. Mwishowe nikakoroga kijiko cha unga katika kikombe cha bati chenye maji, nikashika kikombe kwa nje. Kostiki ingekipasha moto. Kilikuwa baridi.

Sasa hapakuwa na jaribio jingine nililolijua. Shaka ilibaki bado, ndogo, kama chembe ya mchanga ndani ya kiatu. Huenda kuna uchafu nisiouona. Huenda macho yangu yanataka sana liwe jambo jema. Nilitazama vile vikombe, nikamtazama Zamzam aliyekuwa akisubiri bila kunisukuma, na nikaona kwamba nikiisubiri ile shaka iondoke yenyewe, arusi itapita, watoto wa Zamzam watazaliwa, na mimi nitakuwa bado nimekaa kwenye mkeka.

"Ni magadi," nilisema. "Kanda unga, Haboba. Lakini kaanga moja kwanza. Hilo ni langu."

Alikanda na maziwa ya mgando. Akakaanga moja, likavimba ndani ya mafuta kama shavu la mtoto anayepuliza moto. Nililichukua kabla halijapoa. Nilipolifikisha mdomoni, Haboba alinishika mkono, akalimega katikati, akachukua nusu.

"Haboba, acha! Ngoja nione kwanza."

"Uone nini? Umesema ni magadi." Akatia nusu yake mdomoni, akatafuna taratibu. "Kama tunakufa, tunakufa na utamu."

Nikala yangu. Lilikuwa jepesi, na katikati lilikuwa na tundu kama linavyopaswa. Hakuna kilichotokea, isipokuwa Mjomba alinyoosha mkono akitaka lake, na Mama Adiru akampiga kofi kwenye vidole.

Siku ya arusi Hadija wa Koboko alikuja na ngoma yake. Alikula mandazi, akala tena, akatafuta kosa kwa bidii ya mtu anayelipwa. Mwisho akaimba kwamba huko Arua mandazi yana pepo, lazima uyashike yasiruke. Wanawake wetu wakapiga vigelegele mpaka nikaziba masikio. Jioni kiungulia kilimshika kwa yote aliyokula, na Haboba akampa chembe za magadi katika maji, akapiga mbweu kubwa, akatuombea dua. Mjomba naye alifungua duka la maajabu pembeni: anatia unga, karkade inakuwa bluu, anakamua limau, inatoa povu na kurudi nyekundu. "Tazameni bibi arusi wetu," aliwaambia watu wa Koboko. "Mkimuudhi, bwawa. Mkimbembeleza, ua!" Mkebe wa Mama Adiru haukupotea pia. Alisugulia masufuria ya arusi yaliyoungua, akalainishia maharage, akapaka watoto walioumwa na nyuki. Aliniambia ni kitu chenye kazi nyingi kuliko Rajabu.

Basi mwanangu, wewe unayeniandikia kwamba hulali kwa sababu kazi mbili zinakuita na hujui ipi ni ipi, usifikiri nitakwambia usiogope. Mimi bado naogopa. Jana nimefungua mtungi wa chumvi mara mbili kuhakikisha. Nakwambia hivi: usionje kamwe kitu usichokijua ili upate jibu la haraka, maana kuna majibu yanayounguza. Lakini usikae tu ukikitazama. Shaka ikikunyima usingizi, iamshe nayo ifanye kazi. Iulize swali dogo linaloweza kujibiwa kwa ulicho nacho nyumbani. Weka usichokijua kando ya unachokijua, uone wapi vinafanana na wapi vinaachana. Na maswali yakiisha, sema neno lako kwa sauti, na uwe wa kwanza kulila.

Mungu akupe macho ya kutazama vizuri na mkono usioganda. Akupe na mtu wa kulimega nusu, akae karibu nawe wakati unatafuna.